Ganzi ya Mgongo na Mlinzi Wake: Utangulizi

Taaluma hii ina milango miwili. Wa kwanza ni wa wanafunzi: madaktari, wauguzi na maafisa tabibu wanaojifunza kazi ya usingizi. Wa pili ni wa watu ambao hawakupanga kuingia. Huyo ni mama mjamzito aliyeambiwa saa nane za usiku kwamba mtoto hatatoka kwa njia ya kawaida. Ni mzee wa henia. Ni kijana wa bodaboda aliyevunjika mguu. Wote hao huelezwa kwamba hawatapewa nusu kaputi. Watachomwa sindano ya mgongo, na watakuwa macho wakati wanapasuliwa. Nimewaandikia wa milango yote miwili pamoja, maana ukiwasikiliza vizuri utakuta wanauliza jambo lile lile: dawa hii inafanya nini mwilini, na yaweza kudhuru kiasi gani?

Jibu nalitoa mapema ili msomaji ajue ninakokwenda. Sindano ya mgongo ni miongoni mwa njia salama kabisa za kuondoa maumivu ya upasuaji. Lakini usalama huo haukai ndani ya sindano wala ndani ya chupa ya dawa. Unakaa kwa mtu anayebaki kichwani pa mgonjwa baada ya sindano kuchomolewa. Kuchoma ni kazi ya dakika chache, na mwenye mikono mizuri hujifunza upesi. Kulinda ni kazi nyingine, na kwa maoni yangu vitabu vingi huipa kurasa chache mno.

Tuanzie Kiel, mji wa bandari kaskazini mwa Ujerumani. Tarehe 16 Agosti 1898 daktari mpasuaji August Bier alimdunga kokeini kidogo, ndani ya maji yanayozunguka uti wa mgongo, mgonjwa aliyekuwa na kifua kikuu cha kifundo cha mguu, kisha akampasua bila maumivu. Njia ya kuyafikia maji hayo ilikuwa imekwisha kujulikana. Heinrich Quincke, naye wa Kiel, alieleza mwaka 1891 namna ya kuyachota kiunoni. Kokeini nayo ilijulikana tangu 1884, pale Carl Koller wa Vienna alipoonyesha kwamba matone yake hulitia jicho ganzi. Bier alikutanisha vitu viwili vilivyokuwa tayari mezani.

Baadhi ya wagonjwa wake wa mwanzo waliumwa kichwa na kutapika, naye akataka kuijua hali hiyo kwa mwili wake mwenyewe. Tarehe 24 Agosti alimwomba msaidizi wake, August Hildebrandt, amchome. Sindano iliingia vizuri, ila bomba la dawa halikukaa sawasawa kwenye sindano: dawa ikamwagika, maji ya uti wa mgongo yakatiririka, jaribio likaharibika. Hildebrandt akajitolea yeye, na safari hii mambo yakaenda. Bier alimchoma kwa sindano, akamgusisha sigara inayowaka, akamgonga ugoko kwa nyundo ya chuma. Hildebrandt hakusikia maumivu. Jioni walikula, wakanywa mvinyo na kuvuta sigara kwa furaha ya wagunduzi. Kisha Bier akaanza kuumwa kichwa kila alipoinuka, hata ikapita siku 9 kabla hakijaacha. Hildebrandt naye alitapika, kichwa kikamuuma, na ugoko wake ukabaki na alama za ile nyundo.

Madarasani kisa hiki husimuliwa kama kichekesho, nami sijiepushi kukisimulia hivyo. Lakini ndani yake mna sehemu kubwa ya yale ambayo taaluma imekuja kuyathibitisha baadaye. Dawa kidogo sana inatosha kutia ganzi nusu ya mwili. Maji yakivuja, kichwa huuma mtu akiinuka na hutulia akilala. Kifaa kisichooana na mwenzake huharibu kazi nzima. Na mtu mwenye ganzi hawezi kujilinda: unaweza kumponda mguu asijue mpaka kesho.

Sasa tuingie mwilini. Uti wa mgongo, yaani kamba yenyewe ya fahamu inayoshuka kutoka kwenye ubongo, haufiki mwisho wa mgongo. Kwa mtu mzima huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo kuna kifuko cha maji ambamo mishipa ya fahamu inaelea kama tambi ndani ya mchuzi. Sindano nyembamba ikipita, mishipa husogea. Ndiyo maana sindano huchomwa chini, na ndiyo maana hofu ya kwamba itautoboa uti wenyewe ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, mradi mchomaji asipande juu. Ili asipande, hupapasa ncha za mifupa ya nyonga pande zote mbili na kuunganisha ncha hizo kwa mstari wa mawazo. Mstari huo hupita karibu na pingili ya nne ya kiuno. Vidole hudanganya, hasa kwa mtu mnene, na mara nyingi mtu hudhani yuko chini kumbe yuko pingili moja juu. Kwa hiyo mwenye busara akisita kati ya nafasi mbili huchagua ya chini.

Kwa upasuaji wa kumtoa mtoto, dozi ya kawaida ya dawa ya ganzi iitwayo bupivakaini nzito ni mililita 2 hadi 2.5, ambayo haizidi nusu ya kijiko cha chai. Huitwa nzito kwa sababu imechanganywa na glukosi, ikawa nzito kuliko maji ya uti wa mgongo, hivyo huzama kuelekea upande ulioinama. Wazo hilo ni la Arthur Barker, mpasuaji wa London, mwaka 1907, na hadi leo kuinamisha au kuinua meza bado ni njia mojawapo ya kuiongoza ganzi mahali inapotakiwa.

Mishipa yote haizimiki kwa pamoja. Ile midogo inayobana na kulegeza njia za damu hutangulia. Ndiyo maana mgonjwa husema miguu imepata joto kabla hajasema imekufa ganzi. Hufuata mishipa ya maumivu na baridi, kisha ile ya kusogeza miguu. Hisi ya kuguswa na kuvutwa huchelewa, na mara nyingi haiondoki kabisa. Mama aambiwe hivyo mapema, kwa maneno mepesi: atasikia anasukumwa na kuvutwa, hatasikia anakatwa. Asipoambiwa, ataogopa pale anaposikia mkono wa mpasuaji ndani ya tumbo, na atakuwa na haki ya kuogopa. Kabla ya kisu kugusa ngozi, mtaalamu hupima ganzi imepanda mpaka wapi kwa kitu cha baridi, barafu au pamba yenye spiriti. Kwa upasuaji wa uzazi inatakiwa ifike usawa wa chuchu. Ikiwa haijafika, mpasuaji asubiri, hata akinuna.

Dakika kumi au ishirini zinazofuata sindano ndizo kiini cha utangulizi huu. Njia za damu zikilegea kwa mkupuo, damu hukaa miguuni na tumboni, na shinikizo hushuka. Kwa mjamzito mambo huwa mazito zaidi, kwa kuwa akilala chali mfuko wa uzazi hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Basi meza huinamishwa upande wa kushoto au nyonga ya kulia huwekewa kabari, maji ya mshipani hukimbizwa, na dawa ya kupandisha shinikizo, finilefrini au efedrini, huwa tayari kwenye bomba kabla ya sindano ya mgongo, si baada ya balaa. Shinikizo lipimwe kila dakika moja au mbili mwanzoni. Mama akisema ghafla anasikia kichefuchefu, usikimbilie beseni. Tazama shinikizo kwanza, kwani mara nyingi ubongo ndio unaolalamika kwamba damu haifiki.

Halafu kuna ganzi inayopanda kupita kiasi. Mgonjwa husema vidole vya mkono vinakufa ganzi, sauti yake inakuwa ya kunong'ona, anasema hawezi kuvuta pumzi, mapigo ya moyo yanapungua. Jambo la kuogopesha hapa ni dakika zinazopotea, kwa kuwa hali yenyewe inatibika: mpe oksijeni, msaidie kupumua kwa mfuko na barakoa, ikibidi tia mpira kooni, pandisha shinikizo, na subiri dawa ipungue nguvu. Ganzi iliyopanda haiui mtu anayesaidiwa kupumua na ambaye shinikizo lake limeshikiliwa. Humuua aliyeachwa peke yake.

Katika Afrika Mashariki suala hili hukutana na wengi kwa njia ya operesheni ya uzazi. Uchambuzi mmoja mkubwa wa mwaka 2016, uliokusanya takwimu za nchi za kipato cha chini na cha kati, ulikuta kwamba dawa za usingizi na ganzi zilichangia asilimia 2.8 ya vifo vyote vya uzazi na asilimia 13.8 ya vifo vya baada ya upasuaji wa uzazi. Waliopewa nusu kaputi walikuwa na uwezekano wa kufa zaidi ya mara tatu ya waliochomwa sindano ya mgongo. Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na ukweli kwamba wagonjwa mahututi ndio hupewa nusu kaputi. Sehemu nyingine ni ya kweli kabisa: njia ya hewa ya mjamzito huvimba, tumbo lake huchelewa kusaga chakula, na kuingiza mpira kooni usiku wa manane kwa mikono isiyozoea ni jambo la hatari. Sindano ya mgongo humwacha mama akipumua mwenyewe, akimsikia mtoto akilia, na kumweka kifuani mapema.

Hata hivyo, wepesi wake ulizaa mtego. Afrika Kusini ina utaratibu wa miaka mingi wa kuchunguza kila kifo cha uzazi kwa siri, bila kumtaja mtu, na ripoti zake zimerudia kuonyesha kwamba vifo vingi vya dawa za usingizi hutokea katika hospitali za wilaya, na kwamba vingi kati ya hivyo ni vya sindano ya mgongo: shinikizo lililoshuka bila kutibiwa, ganzi iliyopanda bila kugunduliwa. Mazoea yaliyolaumiwa sana ni ya daktari mmoja kuchoma sindano, kisha kunawa mikono na kupasua yeye mwenyewe. Kwa macho ya mtu wa nje hilo laweza kuonekana ni ushujaa wa mazingira magumu. Mimi naliona ni kosa, na nalisema waziwazi nikijua hali ya hospitali zetu. Mtu ambaye mikono yake imo ndani ya tumbo hawezi kuwa mlinzi wa pumzi.

Utafiti wa upasuaji barani Afrika uliochapishwa mwaka 2019, uliohusisha nchi 22, ulikuta akina mama 20 wamefariki kati ya 3,684 waliofanyiwa upasuaji wa uzazi. Kutokwa na damu kulikuwa na mkono mkubwa, pamoja na madhara ya dawa za usingizi. Ukiweka takwimu hizo kando ya zile za Uingereza utaona umbali uliopo. Mwaka 2009 chuo cha wataalamu wa usingizi cha Uingereza kilitoa matokeo ya uchunguzi wake juu ya sindano za mgongo na epidurali, yaani ganzi inayodungwa nje kidogo ya kifuko cha maji, zinazokadiriwa kuwa 707,455 kwa mwaka. Hata kwa kuhesabu kwa mkono mzito, yaani kulihesabu kila tukio lenye shaka, waliopata madhara ya kudumu walikuwa 4.2 katika kila 100,000. Waliopooza miguu au kufa walikuwa 1.8. Kwa mkono mwepesi takwimu zilishuka hadi 2.0 na 0.7. Dawa ni ile ile, sindano ni ile ile, na mgongo wa binadamu haubadiliki kwa kuvuka bahari.

Uingereza yenyewe haikufika hapo bila kuogopa. Oktoba 1947, siku moja katika mji wa Chesterfield, wanaume wawili walichomwa sindano ya mgongo kwa ajili ya operesheni ndogo, na wote wawili wakapooza miguu. Kesi ilifika Mahakama ya Rufani mwaka 1954. Maelezo yaliyokubaliwa ni kwamba vichupa vya dawa, vilivyokuwa vikihifadhiwa ndani ya fenoli, kemikali ya kuulia vijidudu, vilikuwa na nyufa zisizoonekana kwa macho, na fenoli ikapenya. Majaji, akiwemo Lord Denning, waliona kwamba mtaalamu wa 1947 hawezi kuhukumiwa kwa elimu iliyopatikana baadaye, na walalamikaji wakashindwa. Miongo kadhaa baadaye hoja ya nyufa ilipingwa. Inaelekea zaidi kwamba asidi ya kuondolea ukoko ilibaki kwenye chombo cha kuchemshia sindano na mabomba. Lolote liwe, sindano ya mgongo ilipoteza heshima Uingereza kwa kizazi kizima. Na mwaka huo huo wa 1954, huko Marekani, Robert Dripps na Leroy Vandam walichapisha ufuatiliaji wao wa sindano 10,098 za mgongo bila kukuta hata ulemavu mmoja mkubwa wa fahamu uliotokana nazo. Ushahidi mzuri ulikuwapo. Hofu ilikuwa na picha ya wanaume wawili wenye majina. Takwimu hazina sura.

Nimekaa kwenye kisa cha Chesterfield kwa makusudi, kwa sababu kasoro ya aina yake haijaisha, imebadili mavazi tu. Mwaka 2010 huko Sydney, Australia, dawa ya kusafishia ngozi iliyokuwa kwenye kibakuli kando ya kibakuli cha maji ya chumvi ilidungwa kwenye epidurali ya mama aliyekuwa akijifungua, akapata ulemavu mzito. Na kuna jambo linalotuhusu zaidi. Tangu 2017 Shirika la Afya Duniani limehimiza matumizi ya asidi ya traneksamiki kwa mama anayetoka damu nyingi baada ya kujifungua, na ni vizuri limehimiza, maana dawa hiyo inaokoa. Matokeo yake ni kwamba kichupa chake sasa kimo kwenye thieta za uzazi, trei moja na bupivakaini, na vichupa hivyo huweza kufanana. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2019 yalikusanya visa 21 vya traneksamiki kudungwa mgongoni kwa kudhaniwa ni dawa ya ganzi. Wagonjwa 10 walikufa. Dalili huanza kwa maumivu makali ya mgongo na miguu badala ya ganzi, kisha degedege, kisha moyo kuvurugika. Shirika hilo lilitoa tahadhari rasmi mwaka 2022.

Kinga ya jambo hili haihitaji fedha za wafadhili. Kichupa cha traneksamiki kikae mbali na trei ya mgongo, ikiwezekana nje ya thieta kabisa, kiletwe kinapohitajika. Lebo isomwe kwa sauti na watu wawili kabla ya dawa kuvutwa. Viwanda navyo vimeanza kutengeneza viungio vya pekee ambavyo bomba la mshipani haliwezi kuingia kwenye sindano ya mgongo, kwa kiwango cha kimataifa kilichotolewa mwaka 2016. Bier angevifurahia, ingawa shida yake ilikuwa kinyume.

Usafi nao una kisa chake. Kati ya 2008 na 2009, wanawake watano katika majimbo ya New York na Ohio, Marekani, walipata homa ya uti wa mgongo baada ya kuchomwa ganzi wakati wa kujifungua, na mmoja alifariki. Vijidudu vilikuwa vya aina ikaayo mdomoni mwa watu, na katika baadhi ya visa mchomaji hakuwa amevaa barakoa. Kwa hiyo ukimwona mtaalamu anavaa barakoa na glavu safi na kuiacha dawa ya ngozi ikauke kabla ya kuchoma, usidhani anachelewesha.

Sasa niwageukie wa mlango wa pili, kwa kuwa wana maswali ambayo wataalamu huyapuuza kwa tabasamu. La kwanza ni la mgongo. Mtaani kwetu, kuanzia Mombasa mpaka Kigoma, utamkuta mama anayesema tangu achomwe ile sindano mgongo haujapona. Sitamwambia anasingizia. Mahali pa sindano huweza kuuma siku chache. Lakini tafiti zilizowafuatilia akina mama kwa muda mrefu, waliochomwa na wasiochomwa, hazikukuta ganzi hii kuwa chanzo cha maumivu sugu ya mgongo. Ujauzito wenyewe huupinda mgongo na kulegeza viungo, kisha huja kumbeba mtoto na kuinama kumnyonyesha. Sindano hukumbukwa kwa sababu ina tarehe; kuinama hakuna.

La pili ni la kichwa, na hapa lawama ni ya haki. Kichwa cha baada ya sindano ya mgongo ni cha kweli: huja ndani ya siku chache, huzidi mtu akikaa au kusimama, hupungua akilala. Hutokana na tundu linaloendelea kuvujisha maji. Dawa kubwa ya tatizo hili imekuwa umbo la sindano. Sindano yenye ncha ya kukata huacha tundu baya. Yenye ncha butu kama ya penseli, ambayo Whitacre aliieleza mwaka 1951 na Sprotte akaiboresha mwaka 1987, huzisukuma nyuzi za utando kando bila kuzikata. Uchambuzi wa mwaka 2018 wa uchomaji wa kiunoni wa kila aina ulikuta kichwa kwa asilimia 4.2 ya waliochomwa kwa ncha butu, dhidi ya 11.0 kwa ncha ya kukata. Hospitali inayoagiza sindano za kukata kwa sababu ni rahisi kidogo haijahesabu vizuri gharama zake. Kichwa kikikaza na kutosikia dawa, mtaalamu anaweza kuchukua damu ya mgonjwa mwenyewe na kuidunga karibu na tundu ili kuliziba. Kulala chali saa 24 bila mto, jambo ambalo wodi nyingi bado zinalilazimisha, hakuzuii kichwa hicho. Humnyima tu mama nafasi ya kukaa vizuri na kumnyonyesha mtoto. Naomba wauguzi waliache.

Kuna wasiofaa kuchomwa sindano hii, nao ni vema wajulikane kabla ya meza: anayekataa baada ya kuelezwa, mwenye kidonda au uambukizi mahali pa sindano, aliyepoteza damu nyingi na bado inatoka, mwenye damu isiyoganda, mwenye kubanwa vibaya kwa vali za moyo. Mwenye kifafa cha mimba aliyepoteza fahamu, au mama aliyepasuka mfuko wa uzazi, atahitaji nusu kaputi, na mtaalamu asiyejua njia hiyo ya pili hajakamilika. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aseme, hata asipoulizwa, kwani damu ikivuja ndani ya mfereji wa mgongo huukandamiza uti, na muda wa kuuokoa ni wa saa, si wa siku. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2020 kwa akina mama unataka kila mmoja ajaribu kuinua mguu ulionyooka saa 4 baada ya dozi ya mwisho. Akishindwa, mtaalamu aitwe. Jaribio hilo halihitaji kifaa chochote, na sijui kwa nini lisifanyike kila wodi ya hapa kwetu.

Mgongo si eneo pekee la taaluma hii, ingawa umejaza kurasa hizi. Ugunduzi wa Koller unaendelea katika kila kambi ya macho ambapo wazee wa mtoto wa jicho huketi foleni asubuhi na kurudi nyumbani siku ile ile. Kwa mkono uliovunjika, dawa huwekwa kuzunguka fungu la mishipa shingoni au kwapani, na tangu miaka ya 1990, baada ya kazi ya Stephan Kapral na wenzake huko Vienna, mtaalamu anaweza kuiona mishipa hiyo na ncha ya sindano yake kwa ultrasaundi. Bier mwenyewe mwaka 1908 alileta mbinu ya kufunga mkono kwa mkanda na kujaza dawa ndani ya mishipa ya damu. Mbinu hiyo bado inanyoosha mifupa iliyovunjika kifundoni, kwa sharti la kutumia lidokaini au prilokaini na kamwe si bupivakaini.

Hatari ya huku ni tofauti, kwa kuwa dozi ni kubwa mara nyingi zaidi. Dawa ikiingia kwenye damu kwa wingi, mgonjwa husikia masikio yakivuma, ladha ya chuma mdomoni, midomo ikichezacheza. Kisha degedege, kisha moyo kusimama. Mwaka 1998 Guy Weinberg alionyesha kwa panya kwamba mafuta meupe yanayotumika kulishia wagonjwa kwa mshipa huweza kuurudisha moyo uliosimamishwa na bupivakaini, na mwaka 2006 yakaripotiwa kumwokoa binadamu. Dozi ya kuanzia ya mafuta ya asilimia 20 ni mililita 1.5 kwa kila kilo ya uzito. Hospitali inayofanya ganzi za aina hii bila chupa hiyo kabatini inacheza kamari kwa pesa za mwenzake.

Hapo ndipo nawarudia wanafunzi. Shirikisho la kimataifa la vyama vya wataalamu wa usingizi limependekeza angalau wataalamu 5 kwa kila watu 100,000, na nchi zetu nyingi ziko mbali na hapo. Madaktari waliobobea wanafundishwa Muhimbili, Makerere na Nairobi. Wauguzi wa usingizi wanatoka vyuo kama cha Kijabe nchini Kenya, na bila wao hospitali nyingi za wilaya zisingefungua thieta usiku. Kazi hii haina sifa za mpasuaji. Ndugu wa mgonjwa hawatakukumbuka kwa jina. Tunakuhitaji hata hivyo, na ukija, jifunze kuchoma mwezi wa kwanza, kisha tumia miaka iliyobaki kujifunza kukaa.

Na wewe wa mlango wa pili, siku utakapoambiwa utachomwa sindano ya mgongo, kubali, ila uliza kwanza: baada ya kunichoma, ni nani atakayekaa nami mpaka mwisho, na atakuwa na kazi gani nyingine? Ukiambiwa hana nyingine, panda mezani.